Per Mertesacker, lile beki refu la Arsenal na Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja Mertesacker kwenye stori za mpira lazima atokee mtu aseme "yule mlingoti?" halafu maswali yanaanza, alichezea wapi, alichukua nini, mbona alikuwa mzito vile, na vijana waliomjua kupitia akademi ya Arsenal wengine hawajui kabisa kama aliwahi kucheza. Nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mimi ni Arsenal tangu enzi za kina Henry kwa hiyo huyu mtu nampenda, sifichi, ila ya uwanjani nitayasema yalivyokuwa.

Mertesacker ni nani kwa kifupi?

Beki wa kati wa Kijerumani, kazaliwa Hannover tarehe 29 Septemba 1984, urefu mita 1.98. Klabu zake za ligi kuu ni tatu tu maisha yake yote: Hannover 96, Werder Bremen, Arsenal. Timu ya taifa kacheza mechi 104 kafunga goli 4, bingwa wa dunia 2014. Katundika daluga 2018.

Jina lake linatamkwaje?

Wajerumani wanasema kama "Mertezaka", ile s ya katikati inasikika z. Sisi huku tulishazoea Mertesaka na hakuna aliyekosea. Mashabiki wa Arsenal walimwita BFG, na ukiitafsiri kistaarabu ni lile jitu la Kijerumani lenye roho nzuri.

Alianzaje mpira?

Kakulia Pattensen, mji mdogo nje kidogo ya Hannover, hapo ndo alipoanzia utotoni halafu akiwa na miaka kama 11 akaingia timu za vijana za Hannover 96. Hakuwa yule mtoto ambaye kila skauti anamkimbilia. Tena alipofika miaka 15 hivi mwili ukaanza kurefuka haraka mno mpaka magoti yakagoma, akakaa nje muda mrefu sana, na kwa umri ule ukikaa nje hivyo wenzako wanakuacha mbali. Mwenyewe huwa anajieleza kama mtu ambaye hakujaliwa kipaji kikubwa, na mimi namwamini kwa sababu ukimtazama hukuona chenga wala pasi za maajabu, uliona mtu anayejua asimame wapi.

Novemba 2003 ndo kacheza mechi yake ya kwanza Bundesliga, kocha alikuwa Ralf Rangnick, dogo ana miaka 19. Baada ya hapo namba ikawa yake.

Ni kweli alifanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili?

Kweli kabisa. Enzi zile kijana wa Kijerumani ilikuwa lazima aende jeshini au afanye kazi ya kijamii badala ya jeshi, utaratibu huo waliusimamisha 2011. Yeye akachagua kazi ya kijamii akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili nje ya Hannover. Yaani siku za katikati ya wiki yuko na wagonjwa, wikiendi yuko uwanjani anamkaba straika wa Bayern mbele ya maelfu ya watu. Hii habari watu huwa wanaipita haraka ila mimi naona ukiishika vizuri utamuelewa huyu mtu mpaka mwisho, kwa sababu kaona mapema kabisa kwamba kichwa cha binadamu kinaweza kuugua kama goti linavyougua. Nitairudia huko chini.

Timu ya taifa aliingiaje mapema vile?

Jürgen Klinsmann huyo. Alichukua Ujerumani 2004 baada ya kutolewa kwenye makundi ya Euro, akasema anajenga timu changa ya Kombe la Dunia la nyumbani 2006, akawa anaita watoto. Mertesacker kaitwa, mechi ya kwanza tarehe 9 Oktoba 2004 ugenini Tehran dhidi ya Iran, wakashinda 2-0. Hesabu mwenyewe, hata mwaka haujafika tangu aguse Bundesliga mara ya kwanza.

2005 kwenye Kombe la Mabara akafunga goli dhidi ya Australia, mechi ile ya 4-3 Frankfurt. 2006 akawa beki wa kati wa kikosi cha kwanza kwenye Kombe la Dunia nyumbani kwao, ana miaka 21 tu, wakafika nusu fainali wakatolewa na Italia Dortmund dakika za mwisho kabisa za nyongeza, goli la Grosso halafu la Del Piero. Nusu fainali hiyo nayo iweke pembeni, tutaihitaji.

Ni kweli alicheza mechi 31 za ligi bila kadi ya njano?

Ndiyo, mechi 31 mfululizo. Beki wa kati! Na hiyo ilitokana na staili yake, hakuwa mtu wa kuteleza chini ovyo wala kuvuta jezi, anasubiri, anachungulia, anaingiza mguu mara moja.

Bremen alifanya nini cha maana?

Alihamia 2006 baada ya Kombe la Dunia na akaanza kwa kufanyiwa operesheni ya kisigino. Bremen ya kocha Thomas Schaaf ilikuwa timu tamu kuitazama, akina Diego, Frings, Naldo, baadaye Özil, wanashambulia kama hakuna kesho na kuruhusu magoli vilevile, kwa hiyo beki wa pale alikuwa na kazi. Walimaliza wa pili Bundesliga msimu wa 2007/08, 2009 klabu ikachukua Kombe la Ujerumani na mwaka huohuo ikapoteza fainali ya UEFA kwa Shakhtar Donetsk kule Istanbul. Ubingwa wa Bundesliga hajawahi kuuchukua na klabu yoyote.

Katikati ya hayo akacheza Euro 2008, wakafika fainali wakafungwa 1-0 na Hispania, goli la Torres. 2010 Afrika Kusini akawa nguzo tena na Arne Friedrich pembeni yake, ile timu iliyompiga Uingereza 4-1 na Argentina 4-0, Hispania haohao wakaja kuwatoa kwa kichwa cha Puyol. Ukihesabu ni shaba, fedha, shaba. Watu wanaomwita beki wa kawaida waniambie ni mabeki wangapi wa kawaida wamecheza nusu fainali hizo zote wakiwa kikosi cha kwanza.

Alikuja Arsenal lini na ilikuwaje?

Hapa lazima nirudi tarehe 28 Agosti 2011. Fabregas kashaondoka, Nasri kashaondoka, tunakwenda Old Trafford kwa Man United na watoto na tunapigwa 8-2. Nane! Siku ile kibanda umiza nilichokuwepo, wa Man United waliimba mpaka wakachoka, sisi tulitoka mmoja mmoja bila kuagana. Siku tatu baadaye dirisha la usajili linafungwa na kocha wetu Wenger akafanya kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya, akasajili watu wazima kwa mkupuo, Mertesacker na Arteta na André Santos na Benayoun kwa mkopo.

Kwa hiyo huyu hakuja kwenye timu iliyotulia, kaja kwenye nyumba inayoungua. Mechi ya kwanza tarehe 10 Septemba dhidi ya Swansea, tukashinda 1-0 goli la Arshavin, jezi namba 4 mgongoni. Msimu ule ligi ilimchanganya kidogo, mpira wa Uingereza una kasi, halafu Februari 2012 pale Sunderland kifundo cha mguu kikamgeukia kwenye nyasi akiwa anakimbilia mpira, hakuna aliyemgusa, na mpira huohuo McClean akafunga. Nakumbuka watu walicheka. Jamaa kaumia msimu mzima umeisha na watu wanacheka kwamba kajikwaa mwenyewe. Henry akaja kufunga la ushindi mwishoni kwa hiyo habari ya Mertesacker ikasahaulika.

Alikuwa mzito kweli au tunamsingizia?

Alikuwa mzito. Hapo hakuna ubishi, kwenye mbio za mita 30 straika yeyote wa ligi kuu alikuwa anamwacha. Na kwenye timu ya Wenger hilo lilionekana zaidi kuliko ambavyo lingeonekana kwingine, kwa sababu Arsenal ile mabeki wa pembeni wote wanapanda, viungo wanapanda, mabeki wa kati wawili wanabaki karibu na mstari wa katikati na nyuma yao kuna shamba zima halina mtu. Mpira ukipotea pale unamwomba mtu wa mita 1.98 ageuke na ashindane mbio na Suarez au Sterling. Msimu wa 2013/14 tulikula 6-3 kwa City, 5-1 kwa Liverpool na 6-0 kwa Chelsea, tena hiyo ya Chelsea ilikuwa mechi ya 1000 ya Wenger. Mertesacker alikuwepo zote.

Sasa msimu huohuo, kwenye mechi nyingine, tulikaa kileleni muda mrefu na ukuta wa Mertesacker na Koscielny ulikuwa kati ya kuta bora za ligi. Inakuwaje? Ni mgawanyo wa kazi. Koscielny ana kasi, yeye anatoka kumfuata straika mpaka katikati, anawahi mpira kabla haujatulia. Mertesacker anabaki, anafunika, anapanga watu. Ukimtazama vizuri mkono wake haukutulia dakika 90, anamsogeza huyu, anamrudisha yule, anapiga kelele. Straika anataka kukimbilia nafasi anakuta mtu keshasimama pale sekunde mbili zilizopita. Kazi hiyo kwenye runinga huioni, kamera inafuata mpira, na ndo maana waliokuwa wanamtazama kwa marudio ya magoli tu walimwona kama uchochoro.

Mimi mwenyewe miaka ile ya mwanzo nilikuwa nalalamika kila akigeuzwa. Nilikuja kubadilika pale alipoumia na tukaona ukuta bila yeye ulivyokuwa, kila mtu ana kasi na hakuna anayemwambia mwenzake asimame wapi.

Mbona aliwahi kumfokea Özil mbele ya watu?

Hiyo ni Desemba 2013, baada ya kipigo cha 6-3 pale City. Mashabiki wa Arsenal waliosafiri walikuwa kwenye kona yao, Özil akaelekea moja kwa moja kwenye korido bila kuwapungia, Mertesacker akamkamata palepale uwanjani akamfokea mpaka kamera zikanasa. Kumbuka hawa ni marafiki, wamecheza wote Bremen na timu ya taifa. Baadaye Özil akawaomba radhi mashabiki mtandaoni. Mimi niliipenda sana ile. Mtu kasafiri na hela yake Jumamosi asubuhi kukutazama unafungwa sita, angalau mpungie mkono.

Kombe la FA la 2014 mchango wake ulikuwa upi?

Bila yeye hatufiki fainali. Nusu fainali na Wigan pale Wembley, wao walikuwa daraja la chini ila ndo mabingwa watetezi, kipindi cha pili yeye mwenyewe kamchezea vibaya McManaman kwenye boksi, penalti, 1-0. Miaka tisa hatujachukua kombe, na sasa tunatolewa na Wigan kwa kosa la Mertesacker, nilikuwa nimeshashika kichwa. Dakika ya 82 likaja krosi kutoka kulia, kuna purukushani, yeye yuko pale na kichwa akasawazisha. Kipa wetu Fabianski akaokoa penalti mbili tukapita kwa matuta.

Fainali tarehe 17 Mei 2014 na Hull City, dakika 8 tu wameshatufunga mbili. Cazorla kwa frikiki, Koscielny, halafu Ramsey dakika ya 109, tukatoka 3-2. Kombe la kwanza tangu 2005. Wale walioanza kushabikia juzi hawawezi kujua ile miaka tisa ilivyokuwa, ukienda kazini Jumatatu unakaa kimya.

Mwaka uliofuata tukarudia, 4-0 na Aston Villa, na la tatu ni lake la kichwa kwenye kona.

Kombe la Dunia 2014 alicheza au alikaa benchi tu?

Alicheza. Mechi nne za kwanza zote alianza: Ureno 4-0, Ghana 2-2, Marekani 1-0 na Algeria. Ile ya Algeria huku kwetu ilikuwa saa 5 usiku na nadhani Afrika nzima ilikuwa nyuma ya Waarabu wale. Na ndo mechi iliyoonyesha tatizo lake wazi kuliko zote, Wajerumani walikaba juu, Algeria wakawa wanatupa mipira mirefu nyuma ya Mertesacker, ikabidi kipa Neuer ageuke kuwa beki wa tano anatoka nje ya boksi mara kwa mara kusafisha. Wakashinda 2-1 dakika za nyongeza kwa tabu.

Baada ya mechi mwandishi wa televisheni ya ZDF akamuuliza kwa nini wamecheza vibaya hivyo na jamaa akamjibu kwa hasira za mtu aliyechoka, alimuuliza kwani unadhani kwenye timu 16 bora kuna kikundi cha maonyesho ya mtaani, akasema yeye sasa anakwenda kulala kwenye pipa la barafu siku tatu, halafu mengine wataongea baadaye. Yale mahojiano Ujerumani yanakumbukwa mpaka leo.

Robo fainali na Ufaransa kocha Löw akabadili, Hummels kapona homa, Lahm karudi beki ya kulia, Mertesacker nje. Hapa ndo nilimheshimu zaidi. Mtu ana mechi zaidi ya 100 za taifa, unamtoa kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia, na haukusikia neno. Kwenye ile 7-1 ya Brazil aliingia baada ya mapumziko kumpokea Hummels, na fainali na Argentina akaingia dakika ya 120 badala ya Özil kulinda goli la Götze, mita 1.98 kwa ajili ya mipira ya mwisho ya juu. Medali ikaja. Agosti mwaka huohuo akastaafu timu ya taifa ana miaka 29, akiwafuata Lahm na Klose.

Magoli yake ya taifa unayakumbuka?

Mbali na lile la Australia, Oktoba 2012 alifunga Berlin dhidi ya Sweden na kuwa 3-0, mechi ambayo Ujerumani waliongoza 4-0 ikaisha 4-4. Na Novemba 2013 aliwafunga Uingereza kwa kichwa palepale Wembley, 1-0, ndo goli pekee la mechi. Mchezaji wa Arsenal, London.

Fainali ya FA 2017 kwa nini watu wanaiongelea vile?

Kaa vizuri. Kwanza rudi Januari 2016, uwanjani kwetu Emirates, tunacheza na Chelsea. Dakika ya 18 Diego Costa kachomoka, Mertesacker kamteleza kwa nyuma, kadi nyekundu, Costa akafunga tukalala 1-0. Wengi tulisema ameisha. Kiangazi Arteta akaondoka, yeye akawa kapteni, na kwenye mechi ya maandalizi huko Ufaransa dhidi ya klabu ya Lens goti likaharibika. Msimu mzima wa 2016/17 kapteni wetu yuko jukwaani na suti. Karudi siku ya mwisho ya ligi na Everton, akaingia kutokea benchi kwa sababu Gabriel kaumia.

Siku sita baadaye, 27 Mei 2017, fainali na Chelsea ya Conte, mabingwa wa ligi. Koscielny ana kadi nyekundu, Gabriel majeruhi, Mustafi hayupo. Mabeki watatu wa Wenger ni Rob Holding mwenye miaka 21, Monreal ambaye ni beki wa kushoto, na katikati yao Mertesacker, mechi yake ya kwanza kuanza msimu mzima, mbele yake Costa na Hazard na Pedro. Nilipoona kikosi nilituma meseji kwa mdogo wangu kwamba leo tumekwisha.

Alicheza mechi ya maisha yake. Kila krosi kichwa chake, kila Costa akijaribu kuzunguka anamkuta, kuna mara moja kwenye boksi aliteleza chini kuuondoa mpira mguuni kwa mpinzani, mguu ukikosea sentimita ni penalti. Uzito haukuonekana kwa sababu mabeki wote watatu walikaa karibu karibu na shamba la nyuma halikuwepo. Sanchez akafunga mapema, Moses akatolewa, Costa akasawazisha dakika ya 76, dakika tatu baadaye Giroud kamtengea Ramsey, 2-1. Kombe la 13 la FA kwa Arsenal na la saba la Wenger, na aliyelinyanyua ni kapteni ambaye wiki moja nyuma hakuwa na dakika hata moja ya ligi.

Ni kweli alikuwa anataka kutapika kabla ya kila mechi?

Ndiyo na alisema mwenyewe, Machi 2018, kwenye mahojiano na jarida la Der Spiegel, bado miezi michache astaafu. Alieleza kwamba muda mfupi kabla ya filimbi ya kwanza tumbo linageuka, kichefuchefu kinampanda mpaka macho yanatoa machozi, anageuza kichwa pembeni ili wengine wasione. Asubuhi ya mechi ni tumbo la kuendesha. Na hii haikuwa mechi moja mbili, ni kazi yake yote, mechi zaidi ya 500.

Akasema pia kuhusu ile nusu fainali ya 2006 niliyokwambia uiweke. Nchi nzima inalia, na yeye ndani kabisa, pamoja na huzuni, alikuwa anasikia nafuu kwamba imeisha. Kwamba hatalazimika kuingia fainali na ule mzigo. Kijana wa miaka 21. Na akasema kuumia ndo ilikuwa njia pekee ya kupumzika inayokubalika, maana ukiwa mzima nani atakuelewa ukisema umechoka?

Niliposoma nilikaa kimya muda. Nilikumbuka ile siku ya Sunderland watu wanacheka. Tunakaa kwenye benchi la mbao na soda tunamwita mtu mlingoti, kumbe kasimama kwenye korido anameza matapishi ili aingie atuchezee.

Waliomkosoa walisema nini?

Lothar Matthäus, kapteni wa zamani wa Ujerumani, alikuwa mmojawapo, alihoji mtu aliyejisikia hivyo amechezaje mechi zote zile za taifa na atafundishaje vijana baada ya kusema maneno kama hayo. Nampa heshima zake Matthäus kwa aliyofanya uwanjani ila hapo alikosea kabisa. Ningekuwa na mtoto kwenye akademi ningetaka apokelewe na mtu anayejua tumbo la asubuhi ya mechi linavyokuwa, siyo anayejifanya halipo.

Habari ya Robert Enke inamhusu vipi?

Enke alikuwa kipa wa Hannover na wa timu ya taifa, wamecheza pamoja Hannover 2004 mpaka 2006. Novemba 2009 alijitoa uhai, alikuwa na ugonjwa wa sonona ambao alikuwa ameuficha miaka mingi, akiogopa ingejulikana. Timu ya taifa ilikuwa kambini na mechi ya kirafiki na Chile ikafutwa. Mertesacker ni mmoja wa walioguswa sana na msiba ule. Mtu kafanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili, kazika mwenzake, halafu anatapika kimyakimya kila wiki. Ndo maana aliposema 2018 sikushangaa alivyosema, nilishangaa alivyoweza kukaa nayo muda wote ule.

Alistaafu lini hasa na baada ya hapo alifanya nini?

Mechi ya mwisho Emirates ni tarehe 6 Mei 2018 na Burnley, 5-0, siku ileile ya kumuaga Wenger nyumbani, akaingia mwishoni uwanja mzima ukasimama. Jumla Arsenal mechi 221 goli 10, makombe matatu ya FA. Oktoba 2018 wakamfanyia mechi ya kuaga kwao Hannover.

Kabla hata hajastaafu klabu ilishatangaza atakuwa mkuu wa akademi, Hale End, akaanza 2018. Mwishoni mwa Novemba 2019 kocha Emery alipofukuzwa alikaa benchi wiki chache akimsaidia kocha wa muda Ljungberg, halafu Arteta akaja kuwa kocha na yeye akarudi kwa watoto wake. Saka tayari alikuwepo pale tangu mdogo kwa hiyo tusimpe sifa zisizo zake, ila chini yake ndo tukaona mtiririko, Nwaneri akiingia ligi kuu dhidi ya Brentford Septemba 2022 ana miaka 15 na siku 181, Lewis-Skelly akipanda mpaka timu ya taifa ya Uingereza. Ana pia taasisi yake ya kusaidia watoto Hannover, aliianzisha tangu 2006.

Yeye na William Saliba, beki wa kati wa Arsenal wa miaka ya karibuni, nani bora?

Saliba, kwa mpira wa sasa, ana kila alichokosa Mertesacker, kasi na utulivu na mpira mguuni. Ila ukinipa mechi moja ya kulinda goli moja dakika 15 za mwisho, krosi zinamiminika, timu imechoka, mimi nampanga Mjerumani wangu.

Sikumuona akicheza, nitafute mechi gani?

Hiyo ya Chelsea 2017, dakika zote, siyo marudio ya magoli. Usifuate mpira. Mtazame yeye, na hasa mkono wake wa kulia, jinsi anavyomwita Holding arudi hatua moja, arudi tena, hapohapo simama. Halafu filimbi ya mwisho ikilia tazama anakwenda kumkumbatia nani.